Zulia Lina Deni la Nani?

Kuna swali ambalo sisi wapenzi wa sanaa tunalikwepa kwa ustadi mkubwa: kitu kizuri kilichotengenezwa na mtu asiyekuwa huru, tukipende vipi? Nimelirudia wiki hizi nikisoma kuhusu mazulia ya kale ya Urusi, yale bapa, yaliyofumwa kwa ajili ya majumba ya mabwana katika karne ya 18 na ya 19.

Ukitaka kuyaelewa, ufikirie mkeka kuliko zulia nene la sebuleni. Hayana manyoya. Mtande na mshindio hupishana tu mpaka picha ijitokeze. Kwa lugha ya kanga: pindo la maua, na mji mweusi au wa kahawia uliojaa mawaridi makubwa, kwa mtindo wa Kifaransa, maana mabwana wa Urusi enzi hizo walipenda kuishi kama Wafaransa. Mengine yalifumwa vijijini, mengine katika karakana zilizokuwa ndani ya mashamba ya mabwana. Wafumaji wa karakana hizo walikuwa wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana. Aliweza kuwauza, kuwahamisha, hata kuwaamulia ndoa. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1861. Ukoo wa Sheremetev peke yake ulimiliki watu zaidi ya laki moja, na jumba lao la Ostankino, Moscow, lilijengwa na kupambwa kwa sehemu kubwa na mafundi wa namna hiyo.

Leo zulia kama hilo likipelekwa mnadani utaambiwa vipimo, nchi na karne, pengine hata jumba lilikotoka. Jina la mfumaji kwa kawaida halimo.

Watu hulijibu swali letu kwa njia mbili. Wa kwanza husema: sanaa ni sanaa, dhambi ya bwana haimo kwenye uzi. Sikubaliani nao. Zulia lile lilitakiwa liwe zuri ili mgeni akiingia ajue bwana ana watu wangapi wa kumfanyia kazi. Uzuri wake ndio uliokuwa tangazo la mamlaka. Huwezi kuvitenganisha kama unavyopepeta mchele na chuya.

Wa pili husema: basi tulikatae. Hawa nawaelewa zaidi, lakini nao wanasahau jambo. Mwanamke yule huenda hakujua kusoma wala kuandika. Hakuacha barua, wala picha. Alichoacha ni kwamba mahali fulani, kati ya waridi na waridi, aliamua kuweka rangi hii badala ya ile. Ukilitupa zulia kwa hasira dhidi ya bwana, bwana hapotezi kitu. Anayepotea ni yeye, kwa mara ya pili.

Nilifika hapo nikadhani nimemaliza. Halafu nikafikiria nyumbani, Mwanga, nikaona bado.

Barabara ya Same kwenda Mwanga, pale Kisangara, imepita kwenye shamba la katani. Mmea huu ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, 62 tu ilifika hai. Mpaka uhuru wa 1961, katani ndiyo ilikuwa inaongoza kuiletea Tanganyika fedha za kigeni. Nyingi ilikuwa kamba, lakini nyingine iliishia kuwa mazulia, tena bapa, kwenye nyumba za watu wenye nafasi huko Ulaya. Mpaka leo zulia la katani huko ni alama ya nyumba ya mtu mwenye kujua vizuri.

Nani aliikata? Manamba. Neno lenyewe limetoka kwenye namba, maana kibarua aliandikwa kwa namba. Walitoka mbali: Kigoma, Songea, Burundi, Msumbiji. Mkataji anainama, anakwepa mwiba wa ncha, utomvu unamwasha, anafunga mzigo, unapelekwa kwenye korona, ile mashine ya kuchambua nyuzi, siyo ugonjwa. Katika uzito wote wa jani, nyuzi ni kama asilimia 4 tu. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekata katani ujanani, aliniambia mnyapara hakuwahi kulijua jina lake. Namba yake, lakini, aliikumbuka mpaka uzeeni.

Sasa huyu kaacha nini kwenye zulia? Hakuchagua rangi. Hakuna waridi lake. Kaacha nguvu zake tu, na nguvu hazionekani. Ndipo nikaona ubaya wa hoja yangu ya mwanzo: nilimhurumia mfumaji wa Urusi kwa sababu kazi yake inapendeza macho. Yaani dhamiri yangu ilikuwa inafuata uzuri kama nzi anavyofuata asali. Deni la mtu halipimwi hivyo. Aliyekata jani anadai sawasawa na aliyefuma ua.

Na wapo wanaotudai leo. Mama anayeuza mkeka wa ukindu stendi amechuma, ameanika, amepaka rangi, amesuka ukili siku nyingi, kisha akashona. Tunamwamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mama", halafu tunamkata bei mpaka tunaona tumeshinda. Wa Urusi tunamlilia, huyu wa stendi tunamwambia apunguze kidogo. Kwani tofauti yao ni ipi, zaidi ya kwamba mmoja ameshakufa na kilio chetu hakitugharimu?

Nadhani kupenda kitu kizuri si kosa, hata kama kilizaliwa pabaya. Kosa ni kupenda bila kuuliza nani. Kwa waliokufa hatuna zaidi ya hilo swali, basi tuliulize kila tunapolitazama zulia. Kwa walio hai, swali lina sehemu ya pili, nayo ni fupi: mama, jina lako nani, na bei yako halali ni ngapi? Kisha tulipe hiyo.