Mama Alinituma Tena



Nilipokuwa na miaka 15, mama alinipa hela nikanunue godoro, ndoo na tranka la shule Lindi mjini. Peke yangu. Nikapanda gari Kilwa Masoko, nikabadilisha Nangurukuru, nikafika salama. Kule mjini nikaona spika ndogo, nikanunua. Nikaona chipsi kuku, nikala. Jioni nikarudi na godoro na ndoo. Tranka hakuna.

Baba akasema, "Si nilikwambia? Huyu bado mtoto. Safari ijayo nakwenda mwenyewe." Mama hakunitetea. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa tranka utalipata wapi?" Sikuwa na jibu. Likizo nzima nikabeba barafu na samaki alfajiri kwa ujira mdogo. Hela ilipotimia, mama akanituma tena Lindi. Peke yangu vilevile.

Je, alikosea? Mzazi mwenye upendo amkinge mtoto asianguke, au amwache ajaribu?

Huku kusini wazee walikuwa na jibu lao: jando na unyago. Mtoto alitolewa kwa mama yake, akafundwa na wengine, akarudi amevikwa nguo mpya. Tangu hapo watu walimdai adabu na kazi za mtu mzima. Sisi Wakristo hatukubali kila kilichofundishwa mle. Lakini wazee walijua jambo moja: utu uzima hauji wenyewe kwa kuongezeka miaka. Lazima mtu akukabidhi, nawe upokee. Sisi tunapakwa Krisma siku ya Kipaimara tuwe mashahidi wa Kristo, halafu bado mama ndiye anayekwenda kumweleza paroko kwa nini hatukufika mazoezi ya kwaya!

Soma Luka 2:41-52. Yesu ana miaka 12. Maria na Yosefu wametembea siku nzima wakidhani yuko na ndugu msafarani. Hawakumshika mkono njia nzima. Walipomkosa wakarudi, wakamtafuta kwa uchungu, wakamkuta Hekaluni baada ya siku tatu. Maria akauliza kwa nini. Jibu hawakulielewa, ila mama akayaweka yote moyoni. Na Yesu? Alishajua kazi ya Baba yake, lakini akarudi nao Nazareti, akawatii, akazidi kukua katika hekima.

Kumbe kumwachia mtoto si kumtelekeza. Anayeachia kwa upendo yuko tayari kurudi njiani kumtafuta. Na kuachiwa si kuwakimbia wazazi. Wengi wetu tunataka uhuru wa kwenda Lindi, lakini deni la tranka tunataka mama alilipe. Huo si uhuru, ni utoto wenye nauli.

Miaka baadaye dada aliniambia kwamba siku ya safari ile ya pili, mama alikaa kibarazani na rozari mpaka gari letu lilipoingia. Mimi nilidhani hana wasiwasi.

Basi wiki hii chagua jukumu moja nyumbani, ulibebe bila kukumbushwa. Ukiharibu, usifiche. Sema, kisha rekebisha.

Ee Mama Maria, uliyemtafuta Mwanao kwa uchungu, waombee wazazi wetu wawe na moyo wa kutuamini, nasi tuwe watu wa kuaminika. Amina.