Je, Aliyemtii Daktari Ana Hatia?



Mtu anayelewa pombe kila siku tunajua la kumwambia, au tunadhani twajua. Kijana aliyetekwa na heroini tumempa jina kabisa, teja, na jina hilo limetusaidia kumweka mbali nasi. Lakini yuko mwingine ambaye hatuna jina lake. Huyu alikwenda hospitali akiwa mgonjwa kweli, akapewa vidonge, akavimeza kama alivyoandikiwa, na leo hawezi kuishi bila vidonge hivyo. Swali langu ni hili: je, mtu huyo ana hatia? Na kama anayo, ilianza siku gani?

Tuchukue mfano wa mama aliyefiwa na mumewe. Usingizi umempotea, na daktari anamwandikia diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, dawa iliyoanza kuuzwa mwaka 1963. Kwa siku chache dawa hii hufanya kazi vizuri sana. Shida yaja baadaye, na ndiyo sababu kamati ya usalama wa madawa ya Uingereza iliwashauri madaktari mwaka 1988 wasiitoe kwa zaidi ya majuma mawili hadi manne. Ubongo una njia zake wenyewe za kuutuliza mwili. Dawa ikiifanya kazi hiyo kila usiku, ubongo nao hulegea. Baada ya muda kidonge kimoja hakitoshi. Mama akijaribu kuacha, halali kabisa, mikono yatetemeka, moyo waenda mbio, na hofu yamjia kubwa kuliko ile ya kwanza. Basi husema, "Kumbe bado naumwa," akarudi kwenye vidonge. Hapo hapana anasa yoyote. Mwili umefundishwa jambo, nao umelishika.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ambaye tulimsoma chuo cha ualimu kwa taabu kidogo, alikuwa mkali katika habari hizi. Alisema kwamba mtu aliyejiharibu kwa mazoea mabaya hawezi kujitetea kuwa sasa hana uwezo wa kuacha, kwa sababu mwanzoni uwezo huo alikuwa nao. Akatoa mfano wa jiwe: ukishalirusha huwezi kulirudisha, lakini kulirusha kulikuwa hiari yako. Huenda mfano huu unamfaa mlevi, ingawa hata kwake nina mashaka. Kwa mama yetu haufai hata kidogo. Jiwe hilo aliwekewa mkononi na mtu anayemwamini, akaambiwa ni mkate.

Na mara nyingine hata huyo aliyempa amedanganywa. Heroini yenyewe iliuzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani tangu mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi! Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1996, kampuni ya Purdue huko Marekani ilianza kuuza vidonge vya maumivu viitwavyo OxyContin, ikiwaeleza madaktari kwamba hatari ya kutekwa navyo ni ndogo. Mwaka 2007 kampuni ndugu yake ilikiri kosa mahakamani kwa udanganyifu huo, na mwaka 2020 Purdue yenyewe ikakiri makosa mengine. Kati ya mwaka 1999 na 2019 Wamarekani zaidi ya 200,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za jamii hiyo ambazo kwa kawaida huandikwa na madaktari.

Hata hivyo sisemi kwamba mama yetu hana wajibu wowote. Iko siku anapoanza kwenda zahanati mbili, na hii asiiambie habari za ile. Anaficha pakiti chini ya godoro. Anamtuma mjukuu kwenye duka la dawa lisilouliza cheti cha daktari. Siku hiyo tayari anajua kitu, na kwa maoni yangu wajibu wake huanza pale ujuzi wake unapoanza. Lakini ujuzi huo nani alimpa? Kama hakuna aliyemwambia kwamba dawa hii humshika mtu, atadhani kasoro ni ya moyo wake mwenyewe. Ataona haya, na mwenye haya huficha. Kwa hiyo namlaumu zaidi yule aliyejua mapema akanyamaza.

Ukiandikiwa dawa ya usingizi, ya wasiwasi au ya maumivu makali, uliza ni ya siku ngapi na itaachwaje. Wengi wetu tuliolelewa zamani twaona ni utovu wa adabu kumhoji daktari. Nimefundisha miaka mingi, na sijaona mwalimu mzuri anayechukizwa na swali. Tena tuache ule ukarimu wetu wa kumgawia jirani vidonge vilivyobaki, eti "mimi vilinisaidia."

Aliyekwisha kunaswa, jamaa zake wasimtupie vidonge chooni kwa hasira. Mtu aliyetumia diazepamu kwa miezi mingi akikatizwa ghafla aweza kushikwa na degedege kama za kifafa, hata akafa. Daktari hupunguza kipimo kidogo kidogo, kwa majuma au kwa miezi.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Wako wanaosikia habari hizi wakamnyima mgonjwa wa saratani mofini, wakisema, "Atazoea." Huo ni ukatili. Nchini Uganda, Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na wagonjwa wakapewa mofini ya maji ya kunywa. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuiandika. Mwili wa mgonjwa yule utaizoea, ndiyo, lakini anainywa apate kulala, na kuzungumza na wanawe siku alizobakiwa nazo. Sioni hatia yoyote hapo, wala kwake wala kwa muuguzi.

Nirudi kwa mama yetu. Atakapoanza kupunguziwa, usiku utakuwa mrefu. Saa nane za usiku si saa ya kumhubiria. Binti yake au jirani amchemshie chai, akae naye, na asubuhi wahesabu pamoja vidonge vilivyobaki.