Nani katuambia ni imani dhaifu?

KIJANA wa machimboni akinyamaza wiki mbili, akaacha kula, akaacha na swala ya jamaa, sisi walimu wa dini jibu tunalo tayari: imani yake imeshuka. Jirani anasema ana jini. Mwenye duara anasema ni bangi. Kijana mwenyewe hajaulizwa.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya kupiga picha za ubongo za watu 801 wenye sonona na wasiwasi. Mashine iliwaonyesha jinsi ubongo unavyofanya kazi, mtu akiwa ametulia na akiwa amepewa jambo la kufanya. Wakapata aina sita. Wengine dawa fulani iliwafaa zaidi, wengine yakawafaa mazungumzo na mshauri. Kwa macho, wote ni watu wenye huzuni tu.

Muislamu hana sababu ya kushangaa. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kuwa iko huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na iko isiyo na sababu inayojulikana, ambayo chanzo chake ni mwilini na tiba yake ni ya mwili.

Sasa tuje Geita. Wachimbaji wadogo wa Rwamagasa na Nyarugusu hukamatia dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mwenye kuuvuta mvuke ule siku zote hudhurika ubongo: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, huja hasira na huzuni. Huyu tumsomee ruqya, tumuusie subira, halafu kesho arudi kwenye mvuke ule ule? Simkatazi mtu kisomo. Nakataa kisomo kufanywa kisingizio cha kutompeleka mgonjwa hospitali. Mwingine hajagusa zebaki. Duara limetitia, mwenzake kafa, na deni liko pale pale. Huyo anahitaji watu wa kukaa naye na mdai wa kumpa muda.

Na sisi watu wa Shinyanga tunajua hukumu ya alama moja inafika wapi. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, wakati mengi yaliharibiwa na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe.

Wapo watakaouliza: tukisema ni ubongo, taklifu inabaki wapi? Inabaki. Mwenye sonona kwa kawaida ana akili zake na swala iko juu yake. Lakini sharia hiyo hiyo imemruhusu mgonjwa kuswali ameketi, na kufungua Ramadhani. Nabii Yaqub (a.s.) alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Waliomlaumu ni wanawe, siyo Qur'an. Sisi tuko upande gani?

Picha za Stanford bado ni za utafiti. Kijana wa Rwamagasa hatazipata kesho. Lakini imamu anaweza kumuuliza leo: unalala? Unachoma zebaki? Unadaiwa? Umewahi kufikiria kujiua? Na majibu yakitisha, nauli ya kwenda Bugando itoke kwenye mfuko wa msikiti.