Dinari Mbili za Msamaria

Ndugu wapendwa mlio Bigwa na chini ya milima yote ya Uluguru, mwaijua habari ya Msamaria (Luka 10). Dinari mbili alizitoa siku ya pili. Usiku wa kwanza yeye mwenyewe alimwuguza yule mtu. Nasi hupenda kuzihesabu dinari, na usiku ule twauruka.

Mtoto wa jirani akipata ufadhili aende Ifakara kusomea udaktari, katika chuo cha Mtakatifu Fransisko kilichoanzishwa mwaka 2010 (ni cha ndugu zetu Wakatoliki, nasi twawashukuru), twasema, “Huyu amekwisha kupata wa kumtunza.” Je, amepata? Masomo ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Ada imelipwa. Lakini nani amwulizaye kama amekula? Na siku ile amwonapo mgonjwa wake wa kwanza akikata roho, atamlilia nani katika mji ule wa mpunga na baiskeli, asikozaliwa?

Enyi wainjilisti, Dayosisi ya Ulanga Kilombero ina sharika mumo humo Ifakara. Mwandikieni mchungaji wa huko kabla mtoto hajapanda basi, mkamtaje kwa jina lake.