Wingi Hauhalalishi Israfu

Katika darasa za mwanzo tulifundishwa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikataza israfu ya maji katika kutawadha, hata kwa mtu aliyeko ukingoni mwa mto unaokwenda. Mwanafunzi mwerevu huuliza: mto haupungui kwa kiganja kimoja, basi kosa liko wapi? Jawabu ni kwamba mkono uliozoea kumwaga palipo na wingi hautajua kujizuia palipo na uhaba.

Mafunzo haya yanatufaa tunapotazama mambo ya roketi. Kwa miaka mingi roketi nyingi zilirushwa mara moja tu zikapotea, kama nahodha anayevunja jahazi lake kila afikapo bandarini. Desemba 2015 kampuni ya SpaceX ya Marekani ilirusha roketi ya Falcon 9, na sehemu yake ya chini ikarudi ikasimama wima ardhini, Cape Canaveral. Machi 2017 sehemu iliyokwisha tumika ilirushwa tena. Leo zipo zilizokwenda na kurudi zaidi ya mara 30. Hapana shaka huku ni kuepuka israfu, na elimu hiyo ni neema.

Lakini tazama, ndugu msomaji, yaliyofuata. Wepesi ulizaa wingi. Mwaka 2024 pekee kampuni hiyo ilirusha roketi za Falcon zaidi ya mara 130, nyingi zikibeba setilaiti zake za Starlink, ambazo sasa ni maelfu. Setilaiti hizo huwafikishia mawasiliano watu wa visiwani na mashambani. Hizo hizo huacha michirizi katika picha za wataalamu wa elimu ya nyota.

Tena si kila kitu kinarudi. Sehemu ya juu ya roketi hiyo hutumika mara moja, kisha mara nyingi huelekezwa ishuke na kuungua hewani. Februari 2025 mojawapo ilishuka bila ya kuongozwa, vipande vyake vikaanguka Poland, karibu na mji wa Poznań. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Lakini waliokuwa wamelala chini yake, nani aliwataka ruhusa?

Hapa ndipo penye swali letu. Kinachorudishwa ni kile chenye faida kwa mwenyewe. Kisicho na faida huachiwa wengine. Kutunza mali yako hakujawa uadilifu, kwani hata bahili hutunza yake. Uadilifu huanza pale mtu anapotunza kisichokuwa chake: anga ya wote, na usalama wa jirani asiyemjua.

Wala tusiwanyooshee kidole walio mbali tu. Kwa setilaiti na simu, maneno nayo yamekuwa mepesi. Twayarusha usiku na mchana bila ya kujiuliza yatamwangukia nani.

Basi tumuombe Mwenyezi Mungu atujaalie mikono inayojua kujizuia ukingoni mwa mto. Amin.