Je, Kupukutika kwa Nywele ni Aibu?

Wapendwa wakatekumeni, mfikirini mwanamke wa Majengo, mjini Goma, aliye karibu kubatizwa. Nywele zake zimepukutika, zikaacha mabaka matupu kichwani. Hufunga kitambaa kabla mumewe hajaamka. Bombani huteka maji wa mwisho, asisikie minong'ono: huyu asema ni ukimwi, yule asema ni uchawi. Sasa anataka kuacha mafundisho, maana siku ya ubatizo itampasa kufunua kichwa, Padri amimine maji.

Je, amekosa nini? Hakukosa. Kusuka kwa kukaza mno miaka mingi huharibu mizizi ya nywele. Mapunye, yawapatayo hasa watoto, hutibika kwa dawa za kumeza. Dawa kali za kansa huangusha nywele, nazo kwa kawaida huota tena. Yako pia maradhi ambayo nguvu zinazoulinda mwili huishambulia mizizi hiyo, hayo hayaambukizi. Basi aende kwa daktari, wala asione haya.

Je, minong'ono ni jambo dogo? Sivyo. Mwezi wa Juni 2017, polisi wa Msumbiji walitangaza kwamba wanaume wenye upara waliuawa huko Milange, kwa uongo kwamba vichwa vyao vina dhahabu. Ulimi hutangulia, panga hufuata.

Wengine husema: "Ni nywele tu, kwa nini alie?" Nao huongeza jeraha juu ya jeraha. Bwana wetu alifundisha kwamba nywele za kichwa zimehesabiwa zote, hakuzidharau. Huzuni ya aliyezipoteza ni ya kweli, lakini huzuni siyo aibu. Torati ilimtenga mwenye ukoma nje ya kambi. Lakini mtu aliyepukutika nywele tu, Kitabu cha Walawi, sura ya 13, chamtaja kuwa safi. Ikiwa sheria ile kali haikumtenga, nani amtenge leo?

Basi, fanyeni hivi: msimuulize kilicho chini ya kitambaa. Mngojeeni bombani, mteke maji pamoja. Wakanyeni watoto wanaomcheka. Na siku ya ubatizo atakapofunua kichwa, yeyote asimkodolee macho. Maji yatamiminwa juu ya kichwa chake kama juu ya vichwa vyenu, na neema itakuwa ile ile.