Watawa Waliogeuka Tengu

Mtawa aliyemaliza vitabu vyote vya dini, akafunga na kukesha, lakini moyoni akajiona mkubwa kuliko watu wote, akifa anakwenda wapi? Wabudha wa Japani ya kale walilichukua swali hili kwa uzito mkubwa, na jibu lao liko kwenye vilele vya milima: anakuwa tengu.

Siku hizi tengu anajulikana kwa uso mwekundu na pua ndefu. Huvaa mavazi ya yamabushi, wacha Mungu wanaopanda milima kutafuta nguvu za kiroho kwa kufunga na kusimama chini ya maporomoko ya maji baridi. Picha za zamani zaidi humwonyesha akiwa na mabawa na mdomo wa mwewe.

Katika Konjaku Monogatari, mkusanyo wa visa wa karne ya 12, kazi yake ni kuwahadaa watawa. Kisa kimoja kinamhusu mtawa wa mlima Ibuki ambaye maisha yake yote alilitaja jina la Buddha Amida bila kusoma kitu kingine. Siku moja Amida akamjia katika nuru, muziki ukisikika, akamchukua. Baada ya siku kadhaa watu walimkuta amefungwa juu ya mti mrefu, uchi, akiwalaumu kwa kumkatiza safari ya peponi; kumbe aliyemchukua alikuwa tengu. Hakuishi siku nyingi. Kisa kinaumiza kwa sababu mtu huyu hakuwa mnafiki. Alichokosa ni elimu ya kupambanua.

Waliokuwa na elimu hawakusalimika pia. Mafundisho ya Kibudha yanataja njia sita za kuzaliwa upya, kuanzia jehanamu hadi makao ya miungu. Japani ikaongeza njia ya tengu, iliyo nje ya hizo sita. Mtawa mwenye majivuno hatupwi motoni, kwa kuwa amesoma neno la Buddha. Wala haingii peponi, kwa kuwa moyo wake umeharibika. Anabaki na elimu yake yote na uwezo wake wote, asifike popote. Ni vigumu kubuni adhabu inayomfaa msomi zaidi.

Mwaka 1296 fikra hiyo ilichorwa waziwazi. Michoro ya Tengu Zōshi inawaonyesha watawa wa mahekalu makuu, yakiwemo Kōfukuji na Tōdaiji ya Nara, na Enryakuji iliyo juu ya Kyoto, wakiwa na midomo ya ndege. Hasira iliyo katika michoro hiyo ilikuwa na msingi. Enryakuji ilikuwa na watawa wenye silaha walioshuka mjini wamebeba madhabahu ya miungu mabegani, kuitisha serikali ya mfalme hadi ikubali madai yao.

Wafalme nao waliingia katika njia ya tengu. Sutoku alishindwa vita vya mwaka 1156 dhidi ya ndugu yake, akahamishiwa Sanuki katika kisiwa cha Shikoku. Masimulizi yanasema alinakili maandiko matakatifu kwa mkono wake na kuyapeleka Kyoto. Yakarudishwa kwa hofu kwamba yana laana. Akaacha kukata nywele na kucha, akageuka tengu angali hai. Alifariki mwaka 1164, na moto mkubwa ulipounguza Kyoto mwaka 1177, wengi walimtaja yeye kuwa chanzo. Hofu ilidumu: mwaka 1868, utawala mpya wa Meiji ulituma wajumbe Shikoku kuirudisha roho yake Kyoto, ukaijengea hekalu la Shiramine.

Hata hivyo, mwili wa tengu haukuwa wa laana kila mara. Katika hekalu la Saijōji, mkoa wa Kanagawa, anakumbukwa Dōryō, mtawa mwenye nguvu nyingi aliyemsaidia mwalimu wake Ryōan Emyō kulijenga mwaka 1394. Mwalimu alipofariki mwaka 1411, Dōryō aliapa kulilinda hekalu milele, akageuka tengu na kuruka. Mabawa ni yaleyale ya Sutoku, nguvu ni zilezile; ila Dōryō aliyachukua kwa hiari, kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine. Waumini wanaomwomba ulinzi hadi leo humtolea geta, viatu vya Kijapani, vilivyofuliwa kwa chuma, na vingine ni vikubwa kuliko mtu.